Picha ya konsati inapigwa kwa masikio

Majuzi nlikuwa kwa konsati ya gospel kwenye ukumbi mmoja wa kanisa kule Tudor, hapa Mombasa, na mbele yangu kulikuwa na ukuta wa simu, yani watu wamenyoosha mikono juu tangu wimbo wa kwanza mpaka maombi ya kufunga, wengine hata hawaangalii stejini, wanaangalia kioo cha simu. Na mie kamera iko shingoni. Nikaona acha leo niandike hii kitu ambayo nimekuwa nayo moyoni muda mrefu. Kama huusikii muziki huwezi kuupiga picha. Masikio ndo yanapiga, kidole kinafuata tu.

Nlijifunza vibaya. Kuna usiku mmoja wa kwaya nlipiga picha kama 600, mbio huku mbio kule, nikafika nyumbani nikazimwaga kwa kompyuta, zote midomo wazi na macho yamefumbwa, ukiona moja umeona zote. Mamangu aliimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake, kanisani miaka mingi, akaja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yangu. Zile nlizodhani kali akazipita hata hakusema kitu. Akanisimamisha kwa moja ambayo nlikuwa karibu kuifuta, akina mama wa alto wote mabega juu, midomo imefunguka kidogo tu, macho yote kwa mwalimu wa kwaya. "Hapa wanavuta pumzi," akasema. "Wimbo unaanzia hapa. Na ni wimbo gani huu baba?"

Sikujua. Nlikuwa hapo mita tatu kutoka kwao na sikujua walikuwa wanaimba nini.

Tangu siku hio, nyimbo mbili za kwanza kamera inakaa kwa begi. Najua kwenye matamasha makubwa wapiga picha wanapewa nyimbo tatu za kwanza pekee, bila fleshi, alafu wanatolewa mbele, na kwa msanii mkubwa labda ina maana yake, lakini kwa gospel ya hapa kwetu hio sheria haifai kabisa. Wimbo wa kwanza fundi wa saundi bado anapigana na spika, wa pili nusu ya watu bado wako Likoni wanangoja feri. Moto unawaka baadaye, pale sifa zinapogeuka kuwa kuabudu, mpiga kibodi anabaki peke yake chini chini, alafu anapandisha ufunguo, yani wimbo mzima unahamia juu, na kabla hajapandisha mwimbishaji anageuka nyuma kumwangalia mtu wa drams. Ule mgeuko! Ni nusu sekunde, na mtu anayesikiliza anaujua unakuja, kwa sababu kibodi imeshaanza kupanda. Asiyesikiliza ataupata kwa bahati.

Jazz nayo ni vile vile, angalia mtu wa saksafoni, kabla ya kila sentensi yake mabega yanashuka, shingo inajaa. Kwa soul mie nangoja pale mwimbaji anaposogeza maiki mbali na mdomo, maanake sauti kubwa inakuja. Na sishangai hizi tatu zinafanana, ni ndugu wa nyumba moja. Thomas Dorsey, yule aliyeijenga gospel ya Chicago miaka ya 1930, kabla ya hapo alikuwa mpiga piano wa blues, na Aretha Franklin alianza kuimba kwa kanisa la babake huko Detroit kabla dunia haijamjua kama malkia wa soul.

Sasa mambo ya kamera kidogo, kwa sababu naulizwa sana. Fleshi zima, itakuharibia taa za steji na itamkatiza mtu maombi yake. Lenzi ya 50mm ya f/1.8, yani tundu lake linafunguka sana, ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi na inakula giza vizuri, nayo weka shata kama 1/200 ya sekunde, ISO, yani wepesi wa kamera kushika mwanga, iache ipande, chengachenga kidogo haziuwi picha, picha iliyotikisika ndo imekufa. Taa za LED nyekundu na zambarau zinaumiza sana, uso unakuwa kama umepakwa rangi, ngoja taa igeuke au ifanye picha nyeusi na nyeupe. Ukitumia shata ya kielektroniki pia zinakuwekea mistari, so tumia ile ya kawaida. Na sisi ngozi zetu nyeusi na nyuma kuna pazia jeusi, kamera inadhani kila kitu ni giza inaongeza mwanga mpaka jasho usoni linakuwa doa jeupe, kwa hivo pima mwanga usoni penyewe. Herman Leonard, mpiga picha wa jazz wa Marekani, alikuwa anaweka taa nyuma ya mwanamuziki, moshi wa sigara unang'aa, uso unachorwa ukingoni tu. Hapa hatuna moshi, lakini taa ya nyuma iko, zunguka uende pembeni ya steji uitafute.

Na kitu ambacho video za wazungu hazitakwambia: joto la Mombasa. Ukitoka kwa ukumbi wenye AC ukaingia nje saa tatu usiku lenzi inapata ukungu hapo hapo, na ukifuta kwa shati ndo umemaliza. Funga kamera kwa mfuko wa plastiki kabla hujatoka, iache humo kama nusu saa ipate joto taratibu. Kwa shoo za wazi kama pale Mama Ngina kando ya bahari upepo wa bahari unabeba chumvi, ukifika nyumbani futa kila kitu kabla hujalala.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi watu wa Pwani tuna jazz yetu, tunaiita bango, na picha zake nzuri ni chache mno. Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake alitoka Freretown, kitongoji ambacho wamishonari Waanglikana wa CMS walianzisha 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na ile kengele yao ndo iliupa mtaa wa Kengeleni jina. Tunapita hapo na matatu kila siku. Marekani wajukuu wa watumwa walizaa gospel na jazz, na huku kwetu kitongoji cha waliokombolewa kikatutolea bango, mie nikiisikia ile saksafoni harusini siwezi kutenganisha hizi habari mbili. Alafu naona mpiga picha amealikwa harusi hio hio, amepiga keki picha 40, bendi hata moja. Wazee wanaopiga bango wanaisha. Ndugu zangu mnaobeba kamera, geuzeni lenzi upande wa bendi, hata dakika kumi, alafu chapisha moja mpelekee mzee mkononi.

Wenye simu pia siwakatazi, rekodi wimbo mmoja umtumie shangazi Kaloleni ambaye hakuweza kuja, alafu weka mfukoni uimbe. Mwimbaji anawaona. Akiangalia chini akikuta nyuso anaimba vingine kabisa.

Ile picha aliyoichagua mamangu nliichapisha, iko ukutani kwao. Na wimbo niliuuliza baadaye, nlimpelekea mwalimu wa kwaya hio picha kwa simu, akaiangalia tu yale mabega, akanitajia wimbo na akanitajia ubeti, wa tatu, kwa sababu hapo peke yake ndo alto wanaanza bila kinanda.