Tofauti za ateri za ubongo wa mbwa: zipuuzwe au zizingatiwe?

Damu hufika kwenye ubongo wa mbwa kupitia ateri (mishipa itoayo damu moyoni) mbili za karotidi za ndani pamoja na ateri ya basila, iliyo chini ya ubongo na inayotokana na ateri za vertebra zinazopanda shingoni. Njia hizo hukutana chini ya ubongo katika duara la Willis, lenye jina la tabibu Mwingereza aliyelieleza kwa kina mwaka 1664. Vitabuni duara hilo huchorwa likiwa limetimia, pande zake zikilingana. Mezani pa uchunguzi mambo huwa mengine. Ateri ya kati ya ubongo yaweza kuwa mbili upande mmoja, za mbele zikaungana kuwa shina moja, au basila ikagawanyika na kuungana tena.

Wapo wasemao kwamba haya hayana uzito, na hoja yao ina mashiko. Mwaka 1836 daktari wa upasuaji Astley Cooper alieleza jinsi mbwa alivyoishi baada ya kufungwa karotidi zote mbili na ateri zote mbili za vertebra, kwa kuwa mnyama huyu ana miunganisho mingi kati ya ateri za nje ya fuvu na za ndani. Isitoshe, tofauti nyingine huzaliwa maabara: rezini, yaani kimiminika kinachodungwa ndani ya ateri kigande na kutoa nakala yake, ikizuiwa na damu iliyoganda, haifiki kwenye tawi jembamba, na tishu zikishayeyushwa, tawi hilo huandikwa kuwa halipo.

Hata hivyo, duara hufidia tu ateri iliyoziba kabla ya damu kulifikia. Vitawi vinavyozama ndani ya thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, havina mbadala wa kutosha, na huko ndiko mbwa wakubwa huelekea kupata viharusi vidogo, ilhali wale wadogo hupigwa zaidi kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka kwenye majaribio ya dawa za kiharusi. Mtafiti akiwaziba mbwa wawili ateri ya kati mahali palepale, mmoja akiwa na ateri ya ziada, jeraha la huyo litakuwa dogo, na dawa, ikiwa ni yeye aliyepewa, itasifiwa kwa kazi iliyofanywa na maumbile. Kwa hiyo picha ya ateri ipigwe kabla ya kuziba, wala si baada ya matokeo kushangaza.