Kuni kavu za Kakamega: taka au akiba ya msitu?

Sheria ya kuokota kuni katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, inategemea umeingilia wapi. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na kuni haziokotwi. Kusini, Isecheno, ni eneo la KFS, shirika la misitu. Mama akilipia kibali huruhusiwa kutoka na mzigo kichwani, mradi kuni ziwe kavu. Mti mbichi una mwenyewe. Uliokufa, wengi wetu tunauhesabu taka.

Mimi nina shaka na hesabu hiyo, hasa kwenye vipande vidogo vya msitu kama Malava, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye.

Kiangazi kikiingia, miti kama mukomari hupukutisha majani. Mwanga unafika chini, miche iliyokuwa ikisinzia kivulini inapata nafasi yake. Majani yenyewe hayakai: mchwa, jongoo na kuvu huyala, na mvua za Machi zikianguka mizizi iliyo juujuu huvuta tena kile kilichooza. Udongo wa msitu wa joto hauna akiba kubwa, chakula chake kinazunguka. Majani hurudi upesi. Gogo nene huchukua miaka mingi, na muda wote huo linashika maji kama sifongo, hata Januari ukiligusa lina unyevu. Halafu kuna hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa. Hawezi kujichongea tundu, anasubiri tawi kubwa livunjike na moyo wa mti uoze, ndipo jike ajifungie humo kwa udongo na kulishwa kupitia ufa mwembamba. Mti huo uliooza, kwa macho ya mwenye shoka, ni kuni za wiki nzima.

Udogo huzidisha tatizo. Tuseme upepo na jua la shambani huingia mita 100 kutoka ukingoni. Msitu wa mraba wenye hekta 100 unabakiwa na hekta 64 za ndani. Wenye hekta 10 unabakiwa na hekta moja na kidogo! Hapo gogo lenye unyevu huenda likawa ndiyo kona pekee ambayo kuvu na konokono wanaweza kuvukia kiangazi.

Lakini wanaotaka kuni zifungwe kabisa kila mahali nao sikubaliani nao. Anayesema mama wa Shinyalu, kando ya msitu, apikie gesi hajui bei ya kujaza mtungi, wala maharagwe yanavyokula moto. Ukimzuia asiokote, njaa haitangoja: atanunua makaa, na makaa yanatokana na mti uliokuwa hai. Tena anayeingia kwa kibali ana sababu ya kumripoti mwenye msumeno usiku. Kumfungia nje ni kupoteza jicho. Upande wa pili unajibu, na sidhani unakosea, kwamba neno "kavu" lina mwanya: mti ukichunwa gome kuuzunguka leo, baada ya muda ni kuni halali. Mwiritsa, ambao gome lake ni dawa na hutafutwa hata ng'ambo, unakauka hivyo hivyo pasipo mtu kuukata.

Kwangu mimi ukavu si kipimo kizuri. Unene ni bora. Vijiti na matawi yasiyozidi kifundo cha mkono yangeoza upesi vilevile, yachukuliwe. Magogo, na miti iliyokufa ikiwa bado imesimama, viachwe. Anayeingia aache shoka nyumbani, jambo ambalo askari wa msitu anaweza kulikagua langoni bila kubishana kuhusu mti ulikufa lini. Na kwenye kipande cha hekta 10 nisingeruhusu hata vijiti.

Kuna gharama hapa, na si mimi nitakayeilipa. Vijiti huungua upesi, kwa hiyo aliyekuwa akienda mara moja kwa wiki ataenda mara mbili, na safari zote ni za miguu. Ndiyo maana kanuni hii haina maana kabla miti ya kuni kama kaliandra na musine haijapandwa kwenye mipaka ya shamba lake, na hiyo ni kazi ya miaka miwili mitatu.