Tenki si shimo

Simu zinazonijia kuhusu pampu za mashimo ya kemikali, yale ya sakafuni kiwandani yanayokusanya kila kinachomwagika, huanza karibu zote kwa swali moja: "Fundi, hospawa ngapi itatosha?" Yaani nguvu ya mota. Nami nauliza, shimoni kuna nini? Hapo ndipo mtu hukohoa kidogo, akaniambia subiri niulize, na jibu likija huwa ni lile lililoandikwa kwenye mtungi au tenki lililoko juu. Asidi ya salfuriki, asilimia 98. Au kostiki, ile soda kali. Basi.

Nimekuwa fundi wa mitambo kwa miaka 17, nikihangaika na spana kutoka Nakuru hadi Kisumu, na kama kuna jambo moja ningependa watu wa manunuzi walisikie, ni kwamba tenki si shimo. Tenki lina kitu kimoja, kimepimwa, kina karatasi yake. Shimo lina kila kitu. Maji ya kuoshea sakafu, matone ya valvu iliyochoka, mvua iliyopenya chini ya mlango wa mabati, mchanga wa gambuti, kitambaa cha fundi aliyepita kabla yangu, na siku tenki likifurika, hiyo asidi yenyewe. Shimo la Jumanne si shimo la Jumapili. Ukienda viwanda vya sukari, siku ya usafi vichemshio huchemshwa kwa kostiki soda ili magamba yatoke kwenye mabomba, na mara nyingine asidi hufuata. Ukichota sampuli katikati ya wiki utaapa kwamba mle ndani mna maji machafu tu.

Na yote hayo lazima yapandishwe juu, yapelekwe kwenye tenki la kuzimulia makali, kabla hayajatoka nje ya ukuta. Kanuni za Ubora wa Maji hapa Kenya zinataka maji ya kiwandani yanayomwagwa kwenye mazingira yawe na pH, kile kipimo cha ukali wa asidi au kostiki, kati ya 6.5 na 8.5. Hilo si jambo la kubishana nalo hapa kwetu. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki humo. Kisumu nako Mto Kisat unapita ubavuni mwa viwanda kabla ya kuingia ziwani. Kwa hiyo pampu ya shimo ikifa saa nane usiku, si fundi peke yake anayepata taabu.

Nitasimulia kisa kimoja. Kiwanda sitakitaja, na nikitaja hata bidhaa yake mtakijua, kwa hiyo niseme tu kwamba huko chuma kilikuwa kinaoshwa kwenye asidi ya haidrokloriki kabla ya kupakwa zinki. Pampu ya zamani ilikuwa ya plastiki, mbaya kwa sura, imefungwa waya hapa na pale. Ofisi ikaamua kununua kitu cha heshima. Kikaja cha stenlesi, kinang'aa kama sufuria ya harusi, na muuzaji akaapa kwamba stenlesi haishiki kutu. Ni kweli, sebuleni haishiki. Stenlesi inajikinga kwa ngozi nyembamba sana juu yake, na kloridi iliyomo kwenye asidi ile ndiyo hasa inayoichana ngozi hiyo. Siku ya 19 mota ilikuwa inazunguka vizuri tu, amperi ziko chini, maji hayapandi. Tulipoinyanyua, impela, lile gurudumu la mabawa linalosukuma maji, ilikuwa imebaki kitovu. Mabawa yalikuwa yameyeyuka kama sukari guru kwenye chai.

Aliyenisaidia kuivuta alikuwa mzee wa usafi, mtu wa gambuti na ufagio, ambaye alikuwa amekaa na lile shimo miaka mingi kuliko injinia yeyote. Akaniambia, bila hata kucheka, "Kijana, mimi hata ndoo ya bati siwezi kuiacha pale usiku mmoja." Nikamuuliza kama aliwaambia wakubwa. Akasema hakuulizwa. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na yeye ndiye aliyekuwa analala ndani, lakini fomu ya tenda haina mstari wa jina lake.

Sasa, kosa la salfuriki ni baya zaidi kwa sababu lina sura ya hekima. Asidi ya salfuriki ikiwa kali kabisa, asilimia 98, inahifadhiwa kwenye tenki la chuma cha kawaida. Inatengeneza utando wa salfeti juu ya chuma, na utando ule unakizuia kuliwa. Mtu wa manunuzi anaona tenki la chuma limekaa miaka, anapiga hesabu, anaagiza pampu ya chuma kwa ajili ya shimo lililo chini yake. Lakini likimwagika tone shimoni linakutana na maji ya kuoshea. Ikipunguzwa makali, asidi hiyo hiyo inakitafuna chuma kwa fujo, inatoa mapovu ya haidrojeni, na kule kuchanganyika na maji kwenyewe kunatoa joto la kukulainishia bomba la plastiki. Yaani asidi ikishapoteza ule ukali wake wa tenkini, ndipo chuma kinapokuwa na haki ya kuogopa. Nimeeleza jambo hili mara nyingi kwenye mikutano, na kila mara kuna mmoja anayenitazama kama nauza dawa ya mapenzi.

Na uzito je? Lita moja ya salfuriki kali ina kilo 1.84. Pampu inayotosheka na mota ya kilowati 5.5 kwa maji itadai zaidi ya kilowati 10 kwa asidi hiyo, kiasi kinachopandishwa na kimo vikiwa vile vile. Halafu mota nyingi za kawaida zimepigiwa hesabu ya matumizi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Nakuru tuko kama 1,850. Hata Kisumu, tunayoiita chini, imeupita mstari huo. Hewa ni nyepesi, mota inapoa polepole. Kwa hiyo hospawa ina maana yake, sikatai. Ila ni swali la tatu au la nne.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkaidi kuhusu pampu za kulala, zile zinazowekwa ukingoni zikanyonya kwa bomba. Pampu hainyonyi chochote kwa nguvu zake. Ni hewa ya nje inayosukuma maji yapande. Mombasa hewa inaweza kusukuma maji hadi mita 10 na kidogo, kwa hesabu ya karatasi. Nakuru ni kama mita 8. Weka asidi ya 1.84 badala ya maji, umebaki na mita 4 na nusu, na hapo hujatoa msuguano wa bomba, joto, wala mvuke. Ongeza futivalvu, ile valvu ya mwisho wa bomba inayozuia maji yasirudi, iliyozibwa na kipande cha gunia. Kila asubuhi kuna kijana anajaza pampu maji kwa jagi ili ishike. Nimewaona, na nimekuwa mmoja wao.

Pampu ya wima inakwepa hayo yote kwa ujanja mwepesi: mota inabaki juu, kavu, kwenye bamba lililofunika shimo, na shafti ndefu inashuka hadi impela iliyozama tayari kwenye kimiminika. Haina cha kunyonya, haihitaji kujazwa. Hata ile ya kuzamisha, ambayo watu wanaipenda kwa kuwa inatumbukizwa tu kama ndoo, inazamisha pia mota, waya na sili zake, vile vizibo vya kuzuia kimiminika kupenya, kwenye asidi, na sili ikichoka, kwaheri mota.

Lakini wima nazo si ndugu wa baba mmoja. Kuna zile zenye bushi, yaani pete za kuishika shafti, katikati yake. Bushi hizo hulainishwa na kile kile kinachopandishwa, au na maji safi yanayoletwa kwa bomba dogo. Shimo likikauka pampu ikiwa inazunguka, bushi zinaungua ndani ya muda wa kunywa chai, na mchanga nao unazisaga. Kisha kuna zile ambazo shafti yake ni nene na inaning'inia huru, beringi zote ziko juu ya bamba, chini hakuna bushi wala sili. Hizo zinaweza kuzunguka kavu bila kulia. Ubaya wake ni kwamba shafti isiyoshikwa chini haiwezi kuwa ndefu sana. Ukipita mita mbili hivi bei inapanda na mtikisiko unaanza. Kwa shimo fupi na chafu, mimi naichukua hiyo bila kufikiria mara mbili. Mafundi wenzangu wengine watanipinga, wakisema bushi ya tefloni inachongwa jua kali kwa siku moja. Kweli inachongwa. Nami nimechongesha. Lakini nani anaingia kuitoa?

Hapo ndipo hasa ninapokasirika. Pampu mbaya inamfanya mtu ashuke shimoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ipo, na mahali penye mafusho hapaingiwi bila kupimwa hewa, mkanda, kamba, na mtu wa juu anayekutazama. Uliza ni mara ngapi umeona kipimo cha gesi. Kwenye kazi ya ngozi, manyoya hutolewa kwa sodiamu salfaidi, na hatua inayofuata mbele huko hutumia asidi. Mifereji hiyo miwili ikikutana kwenye shimo moja inazaa haidrojeni salfaidi, gesi ya harufu ya yai viza, nzito kuliko hewa, inalala chini kama ukungu. Inapofika kama sehemu 100 kwa milioni pua inaacha kuisikia. Kijana anasema "harufu imeisha, nashuka." Wa pili anashuka kumtoa wa kwanza. Fundi yeyote wa rika langu anaijua hadithi hiyo hadi mwisho wake, kwa hiyo siimalizi.

Hata mafusho yasiyoua yana kazi yake. Yanapanda ndani ya nguzo ya pampu hadi kwenye beringi za mota, na unashangaa kwa nini mota iliyo juu, kavu, imeshika kutu. Muulize muuzaji kama kuna sili ya mvuke pale kwenye bamba. Akikuuliza ni kitu gani, toka dukani.

Kuhusu plastiki, nitasema kwa ufupi kwa sababu kila muuzaji ana jedwali lake. Polipropilini inavumilia asidi nyingi na kostiki pia, mradi joto lisizidi nyuzi 80 hivi. PVDF, plastiki nyingine, ni ghali na inahimili joto zaidi, lakini kostiki kali inaipasua, kwa hiyo usiinunue kwa sababu tu bei yake inatia imani. Jambo ambalo majedwali hayasemi ni kimo cha paa. Pampu ya mita mbili inatolewa kwa kunyooka juu, na chein bloki, ile winchi ya mnyororo ya kunyanyulia, inahitaji nafasi yake. Nimekata mabati ya paa mara mbili maishani ili kutoa pampu, mara moja mvua ikinyesha.

Nirudi kwa yule mzee. Baada ya aibu ya stenlesi, kabla ya kuagiza nyingine, aliniletea kamba ya nailoni. Tukaifunga vipande: msumari, kipande cha ile stenlesi, kijipande cha bomba la polipropilini, mpira mweusi wa gasketi, mpira mwingine wa rangi ya kahawia. Kila kimoja nilikipima kwenye mizani ya sonara wa mtaani kwetu, nikaandika. Tukaining'iniza shimoni wiki mbili, ili ipitie siku za kazi na siku za usafi zote. Gharama yake ilikuwa kamba na soda mbili. Msumari haukurudi. Stenlesi ilirudi imetobokatoboka. Mpira mweusi ulikuwa umevimba kama andazi, ule wa kahawia ulikuwa sawa, na polipropilini haikupoteza hata gramu. Barua ya kuagiza pampu niliiandika mimi, ila maneno yalikuwa yake, na pale kwenye nafasi ya mota niliacha wazi kwanza.