Mwanamke Hakusubiri Droni

Mjadala wa wanawake jeshini ukianza, hakosi mtu wa kusema kwamba siku hizi vita ni vya kompyuta na droni, havitaki misuli, kwa hiyo hata akina dada wanaweza. Husemwa kwa nia njema, na ndiyo maana hoja hii inanikera zaidi.

Tazameni ndege ya Po-2. Mbao na turubai, iliundwa kwa ajili ya mafunzo, juu iko wazi. Mwaka 1942 kikosi cha 588 cha Jeshi la Kisovieti, wanawake watupu kuanzia marubani hadi mafundi na wapakia mabomu, kilianza kuirusha usiku dhidi ya Wajerumani. Kwa muda mrefu hawakubeba hata parachuti, kwa sababu ndege haikumudu uzito huo na mabomu pia. Baridi ya Urusi ikiwachapa usoni, waliruka zaidi ya mara 23,000. Adui akawabandika jina la wachawi wa usiku. Walipewa nafasi hiyo kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakiinyemelea Moscow. Hatari ilipokwisha, Oktoba 1945, kikosi kikavunjwa.

Huku kwetu nako, mwaka 1967 wasichana 25 wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, waliingia kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kujifunza bunduki, Josina Machel akiwa mmoja wao. Wapo wanaume ndani ya chama waliopinga. (Wanaume wa aina hiyo hawajawahi kupungua popote.)

Lakini mfano unaoniuma ni wa Kenya. Muthoni wa Kirima alipigana msituni Nyandarua pamoja na Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, ambako bunduki nyingine zilichongwa kwa mkono, akapanda hadi kuwa Field Marshal, mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo hicho. Alitoka msituni 1963. Jeshi la Kenya huru liliwaweka wanawake katika kikosi chao cha pembeni, na halikuwachanganya na wenzao wa kiume hadi 1999. Fatuma Ahmed akawa brigedia 2015, meja jenerali 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga.

Toka Muthoni atoke msituni hadi Fatuma akabidhiwe anga ni miaka 61. Atakayenionyesha hapo katikati droni ilisaidia wapi, anijulishe.