Sven Hakupelekwa Hospitali

Nilipokuwa mdogo niliamini Sven atapona. Yeye ndiye aliyekuwa rubani wa kwanza wa Simba wa Bluu katika katuni ya Voltron, ambamo simba watano wa roboti, kila mmoja na rubani wake, huungana kuwa jitu moja, Voltron; na hadithi ilikuwa haijafika mbali alipojeruhiwa vibaya. Tukaambiwa amepelekwa sayari nyingine kutibiwa. Binti mfalme Allura akakalia kiti chake, vita vikaendelea, nami nikabaki kumsubiri.

Hivi karibuni nimeitazama tena Voltron, na safari hii nikaitazama sambamba na katuni ya Kijapani iliyoizaa, GoLion, ya studio ya Toei, mwaka 1981. Humo kijana yule anaitwa Shirogane. Naye anakufa.

Kampuni ya Kimarekani, World Events Productions, ndiyo iliyoichukua GoLion, ikaiandikia maneno mapya ya Kiingereza na kuirusha mwaka 1984 kwa ajili ya watoto. Mengi yalikatwa. Askari waliouawa wakageuzwa roboti kwa maneno matupu ya msimulizi. Hata mwanzo ulibadilishwa: katika GoLion vijana watano wanarudi kutoka angani na kuikuta Dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia, ilhali katika Voltron Dunia ipo salama na wao wametumwa tu kwenda sayari ya Arus.

Naelewa kwa nini walipunguza damu. Mtoto wa miaka sita hana haja ya kuona kila kitu. Lakini kwa Sven walikosea, na nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyeipenda katuni hii kupita zote. Maneno yalibadilishwa, nyuso zikabaki zilezile. Sauti inasema hospitali, picha inasema msiba. Nadhani ndiyo sababu kipindi kile kilinisumbua kuliko vingine vyote, nami sikuwa na neno la kueleza kinachonisumbua.

Tena kuna Allura. Simba wa Bluu ndiye mguu wa kulia wa Voltron. Asipokuwapo rubani wake, lile jitu zima haliwezi kusimama, hata kama Simba Mweusi, aliye kiwiliwili na kichwa, yuko tayari. Kwa hiyo binti yule anapoomba kurusha simba, na wanaume wanasita, anaomba kiti cha marehemu. Huo ni uamuzi mzito mno! Ukisema mwenye kiti yuko wodini anapata nafuu, Allura anakuwa mtu wa kushikilia nafasi tu. Ushujaa wake walimpunguzia bila kukusudia.

Jambo moja halijachuja hata kidogo: kuungana kwa simba. Ni picha zilezile zinazorudiwa kipindi baada ya kipindi, na kwa macho ya mtu mzima naona wazi kwamba ziliwaokolea wachoraji kazi nyingi. Hainipunguzii chochote. Miguu kwanza, kisha mikono, mwisho kichwa. Ni kiitikio, na kiitikio hakichoshi kwa kuwa unakijua. Nilijikuta nimeinuka kwenye kiti.

Baadaye sana katika GoLion anatokea ndugu yake Shirogane, aliyefanana naye sura. Waliotengeneza Voltron walikuwa wameshatuahidi kwamba Sven yu hai, basi sura ile wakaifanya kuwa yeye mwenyewe, amerudi. Utotoni nilishangilia kwa sauti. Kusubiri kwangu kulikuwa kumelipwa. Safari hii niliirudia sehemu hiyo mara tatu. Kila mara nilimwona yule ndugu, amesimama mbele ya watu waliomfahamu nduguye, wakimwita kwa jina la aliyekufa.