Vituo vya kujifunzia si shule bubu

Kila vinapotajwa vituo vya kujifunzia, yaani pale watoto wanaosomeshwa nyumbani na wale wa familia zinazosafiri wanapokutana siku mbili tatu kwa wiki, tuhuma ni ileile: hizi ni shule bubu, zile zisizosajiliwa, zilizobadilishwa jina. Wanaosema hivyo si wajinga, na hoja yao moja ni nzito kuliko watetezi wa vituo wanavyopenda kukiri. Ila naona wamegonga mlango usio wenyewe.

Elimu ya nyumbani inalaumiwa kwa mambo mawili makubwa, upweke na kutoonekana. Mtoto anakua bila wenzake wa rika, na akipatwa na baya ndani ya nyumba hakuna mwalimu wa kugundua alama mkononi. Lawama zote mbili ni za haki. Ajabu ni kwamba kituo ndicho kinachojibu zote mbili, na serikali ikiamua kukaza kamba, ya kwanza kukazwa huwa ya kituo.

Ukiingia asubuhi unakuta meza moja yenye watoto sita, mdogo ana miaka saba na mkubwa kumi na mitatu. Mkubwa anataka kumthibitishia mwenzake kuwa robo tatu inazidi theluthi mbili, basi anakata vipande viwili vya karatasi na kuvilaza sambamba mpaka mdogo akubali. Pembeni, mzazi wa zamu anaandika kwenye daftari nani amefika, kisha anapiga simu kuuliza kwa nini fulani hajaonekana kwa wiki ya pili. Hiyo simu ndiyo kitu ambacho mtoto wa elimu ya nyumbani asiye na kituo hana.

Sasa tazama Uingereza. Huko mzazi anaruhusiwa kumsomesha mtoto nje ya shule, na Sheria ya Elimu ya 1996 inamtaka tu ahakikishe elimu inamfaa na ni ya muda wote. Lakini mahali panapotoa elimu ya muda wote kwa watoto watano au zaidi ni lazima pasajiliwe kuwa shule, na kwa miaka mingi mwongozo wa serikali umechukulia kwamba zaidi ya saa 18 za mchana kwa wiki ni muda wote. Piga hesabu. Siku tatu za saa sita zinatimiza 18 barabara. Siku nne za saa tano ni 20, umeshavuka. Kwa hiyo kituo chenye walezi wazuri, nafasi na nia ya kufungua siku ya nne kinaifuta siku hiyo, na mtoto tunayemlilia kwa upweke anabaki nyumbani siku nzima ili tu sheria isivunjwe.

Halafu kuna upande wa pili wa namba hiyohiyo, nao ndio unaonikera zaidi. Kituo cha saa 17 hakihesabiwi kuwa shule, basi ukaguzi wa shule haukihusu. Hakuna anayelazimika kuingia kuuliza walezi ni akina nani. Kizingiti kilichowekwa kwa jina la usalama wa watoto kinapima saa ukutani na kumwacha mtu mzima aliye chumbani.

Wapinzani wana hoja nyingine. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya familia ya Konrad, ilikubali kwamba Ujerumani ilikuwa na haki ya kuwataka watoto waende shule, mojawapo ya sababu ikiwa kuzuia jamii zinazoishi kando na jamii nyingine. Hapo sibishi sana. Kituo kinaweza kabisa kukusanya familia za imani moja na kipato kimoja, na ada ikipanda wanabaki wenye nacho. Hata hivyo picha ya familia hizi inabadilika. Idara ya Sensa ya Marekani iliona kaya zenye watoto wa umri wa shule zinazosomesha nyumbani zikipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1 ndani ya 2020, na kwa kaya za watu weusi kutoka 3.3 hadi 16.1. Bila shaka janga la korona lilichangia.

Wala familia inayosafiri si lazima iwe ya mtu mwenye kompyuta mpakato ufukweni. Nigeria iliunda tume ya taifa ya elimu ya wahamaji mwaka 1989 kwa ajili ya wafugaji, na baadaye wavuvi. Hata Ufaransa, iliyoanza mwaka 2022 kudai kibali cha kusomesha nyumbani badala ya taarifa tu, imeweka kuhamahama kwa familia ndani ya nchi kuwa sababu halali ya kuomba.

Hoja nzito niliyoitaja mwanzo ni hii: familia inayosafiri, ikiulizwa maswali magumu, inaweza kufunga mizigo. Mzazi wa zamu atapiga simu, haitapokelewa, na mambo yataishia hapo. Kituo peke yake hakina jibu.

Ndiyo maana nataka vituo vyote viandikishwe, cha saa nne na cha saa ishirini, kwa masharti machache: walezi wachunguzwe rekodi zao, mahudhurio yaandikwe, na mtoto anayehama aondoke na faili linalopokelewa na kituo kinachofuata, la sivyo kituo cha kwanza kitoe taarifa. Mtaala waachiwe wazazi. Uchunguzi wa walezi una gharama, na kikundi cha wazazi kumi hakiwezi kuibeba, kwa hiyo serikali ilipie. Ningeanza na vituo ambavyo tayari vinaandika mahudhurio bila kulazimishwa.