Treni ni Moja

Mke wangu hajanisamehe hadi leo kwa maneno matatu niliyoyatamka asubuhi ya Jumamosi katika stesheni kuu ya Hamburg, nami, kwa kuwa haki ni haki, nakiri kwamba niliyatamka kwa sauti kubwa na kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa ndani ya treni. Nilisema: "Treni ni moja!"

Tulikuwa tumepanga safari fupi ya siku mbili kwenda kuitazama miji ya kale ya bandari huko kaskazini mwa Ujerumani. Siku ya kwanza ilikuwa ya Flensburg, tulale huko, na siku ya pili turudi kwa njia ya Kiel. Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akisikia neno bandari hujiona mwenyeji hata kama mji wenyewe hajawahi kuuona. Kwa hiyo wiki nzima nilimhutubia Mama Zuhura kila baada ya chakula cha usiku. Nilimweleza kwamba Flensburg ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark hadi vita vya mwaka 1864, na kwamba merikebu zake zilivuka bahari hadi visiwa vya Denmark vya Karibiani, zikarudi na sukari na ramu zilizotokana na jasho la watumwa. Zaidi ya yote nilimsifia daraja la reli la Rendsburg, lililokamilika mwaka 1913, ambalo liko juu kiasi kwamba meli kubwa za mfereji wa Kiel hupita chini yake, na ambalo treni ikishalivuka hulazimika kuzunguka duara zima juu ya mapaa ya watu ndipo iifikie stesheni.

Yeye alivutiwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba Flensburg ndiko linakotunzwa daftari la makosa ya madereva wa Ujerumani nzima, na kwamba dereva akifikisha alama 8 hunyang'anywa leseni. Alisema ni aibu kubwa kwamba waume hawajafunguliwa daftari lao.

Mizigo tuliigawana hivi. Yeye alibeba mkoba wenye tiketi, ambayo ilikuwa karatasi moja ya siku nzima kwa ajili yetu sote wawili, pamoja na pochi yangu na simu yangu, kwa sababu suruali yangu mpya ilikuwa na mifuko ya urembo tu. Mimi nilibeba kikapu chenye maandazi 12, kuku wa kukaanga na chupa ya achari ya embe iliyotoka Tanga kwa mkono wa shemeji.

Tulifika stesheni tumechelewa, na sababu ya kuchelewa ni suruali hiyo hiyo. Tuliteremka ngazi mbio, taa za milango zikawa zinamemeteka, na mlango uliokuwa mbele yangu ulikuwa umezibwa na baiskeli tatu. Mama Zuhura alikuwa ameshatia mguu mmoja katika mlango wake, akageuka kunisubiri. Hapo ndipo nilipopaza sauti yangu ya kihistoria, nikakimbia hadi mlango mwingine wa mbali, nikaingia.

Nilipovuta pumzi nilianza kumfuata kwa ndani, nikiomba radhi kila hatua kwa kikapu changu, hadi nilipofika mwisho wa behewa na kukuta mlango umefungwa. Nyuma ya mlango huo palikuwa na chumba cha dereva kisicho na dereva, na nje ya kioo chake nikaona uso wa treni nyingine uliogusana na uso wa treni yetu, kama ng'ombe wawili wanaonusana. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini treni iwe na nyuso mbili katikati ya tumbo. Mimi nilijiambia kwamba tutakutana Flensburg, nikaketi karibu na bibi mmoja mzee, nikaweka kikapu mapajani.

Nijitetee kidogo. Reli ya kwetu ilianza kujengwa na Wajerumani hao hao kutoka Tanga mwaka 1893, na kwa malezi niliyopata, treni ikikatika vipande viwili njiani abiria hushuka, hushika viuno na kutafuta wa kumlaumu. Sikujua kwamba kuna nchi ambako jambo hilo limeandikwa kwenye ratiba na hutangazwa kwenye spika kwa sauti ya upole. Tangazo nililisikia vizuri. Nililolielewa ndani yake ni jina la mji wa Neumünster.

Huko Neumünster treni ilisimama muda mrefu kuliko kawaida, ikatikisika kidogo, kisha ikaondoka. Baada ya dakika chache nikaona ubao wa taa juu ya mlango umeandikwa Kiel peke yake. Nilimgeukia bibi nikamuuliza, "Flensburg?" Akatikisa kichwa kwa huruma, akaunyooshea kidole ubao, akanitamkia neno moja taratibu kama anayemfundisha mtoto: *geteilt*. Kwa ishara za mikono yake, ambayo aliiunganisha kisha akaiachanisha, nilielewa kwamba maana yake ni kutengana. Nilifurahi kupata neno hilo, maana lilieleza hali yangu barabara.

Mkaguzi wa tiketi alipofika, mwanamama mrefu mwenye miwani shingoni, nilikuwa tayari. Nilisimama kwa heshima nikamwambia kwa Kijerumani changu: "Meine Frau ist geteilt."

Neno hilo, nilikuja kufahamishwa baadaye, hutumika kwa keki, kwa mashamba na kwa treni. Nilikuwa nimemwambia mtumishi wa reli, mbele ya behewa zima, kwamba mke wangu amegawanywa vipande. Nilipoona hajanielewa nikaongeza maelezo, kwamba yeye na tiketi wako upande wa Flensburg, na hapa kwangu kimebaki chakula tu, nikakigusa kikapu. Macho ya watu yote yakateremka hadi kwenye kikapu. Nami nikayafuata. Kifuniko cha achari kilikuwa kimelegea tangu zile mbio za ngazi, na kitambaa cheupe alichokifunika Mama Zuhura kwa mikono yake kilikuwa kimelowa mafuta mekundu, yaliyokuwa yakidondoka tone moja moja juu ya kiatu changu.

Kijana wa kiti cha mbele alihama. Bibi yangu, rafiki yangu wa pekee, aliusogeza mkoba wake.

"Fungua," akasema mkaguzi, bila tabasamu.

Nilifunua kitambaa. Paja la kuku likajitokeza kwanza, jambo ambalo halikusaidia. Yakafuata maandazi, kisha harufu ya pilipili na embe ikajaa behewa, na hapo yule mkaguzi akaanza kucheka kicheko cha kushika kiti. Alitoa simu yake, akampigia mwenzake wa ile nusu ya pili, akazungumza kwa muda, na mara mbili nikalisikia lile neno langu likirudiwa, kila mara likifuatwa na kicheko cha upande wa pili. Mke wangu alipatikana akiwa juu ya daraja la Rendsburg, ameegemea dirisha, akizitazama meli zilizokuwa zikipita chini yake. Ujumbe aliotuma ulikuwa mfupi: niwaache watu wa reli wafanye kazi, niende Flensburg, na kikapu nisikiguse.

Mkaguzi aliniandikia karatasi ya kumwonyesha mwenzake wa treni ya pili, akakataa kunitoza faini. Huko Kiel nilisubiri karibu saa nzima, na kwa kuwa bandari iko hatua chache tu kutoka stesheni, nilikwenda kukaa ukingoni kuitazama meli ya abiria ya kwenda Norway, iliyokuwa ndefu kuliko mtaa wetu. Nilishika andazi moja kwa nia ya kulinusa tu, na shakwe mmoja akashuka kutoka nyuma akalinyakua. Mawili yaliyofuata niliyala kwa haraka ili yasipatwe na balaa hilo hilo.

Niliteremka Flensburg zaidi ya saa moja baadaye. Mama Zuhura alikuwa amekaa kwenye benchi la stesheni, ametulia kama hakimu. Hakunisalimu. Alikipokea kikapu, akafunua kitambaa, akahesabu kwa kidole.

"Tisa," akasema. "Baba Zuhura, yalikuwa kumi na mawili."

"Shakwe," nikasema. "Shakwe wa Kiel ni wezi, huwezi kuamini."

Alinitazama kwa muda, akanyoosha mkono, akaniondoa chembe ya andazi kwenye ndevu, akainyanyua ili sote tuione.

"Ile ya treni ilikuwa alama ya kwanza," akasema. "Hii ni ya pili."